Ndimi Mbili za Moto

Kila Januari nchini Tanzania, mtoto aliyesoma Sayansi na Teknolojia kwa Kiswahili katika shule ya msingi ya serikali huvaa sare mpya, huingia kidato cha kwanza, na kukuta somo lile moja limegawanyika kuwa matatu: baiolojia, kemia na fizikia, na yote matatu yanazungumza Kiingereza. Miezi michache nyuma alikuwa akinyoosha kidole darasani na kueleza kwa nini mmea uliofichwa kabatini hunyauka, au kwa nini taa haiwaki waya ukikatika. Sasa ananyamaza. Ujuzi wake haukupotea wakati wa likizo. Uko pale pale kichwani, katika lugha ambayo kitabu kipya hakiitumii, na kazi ya kuutoa ameachiwa mtu mmoja aliyeshika chaki.

Nataka kumsifu mtu huyo, kwa sababu sijaona wengi wakimsifu.

Mjadala wa lugha ya kufundishia naujua na nina upande wangu. Mwaka 1982 tume ya rais iliyoongozwa na Jackson Makweta ilipendekeza sekondari zihamie Kiswahili, serikali haikukubali. Mwaka 1990 TUKI ikatoa Kamusi Sanifu ya Biolojia, Fizikia na Kemia, kwa hiyo anayesema istilahi hazipo hajafika maktaba. Mwaka 1997 Zaline Roy-Campbell na Martha Qorro wakachapisha kitabu kizima kuhusu janga la lugha katika elimu yetu, na Qorro wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ameendelea kulisemea jambo hilo kwa miaka mingi. Nakubaliana nao: mtoto husoma sayansi vizuri zaidi katika lugha anayoota nayo. Lakini kipindi cha saa tatu asubuhi hakisubiri sera. Watoto wameshaketi, wengine wawili wawili au watatu watatu kwenye dawati moja, maana tangu ada ifutwe mwaka 2016 madarasa yamefurika, na kuna mwalimu ambaye lazima afanye kitu katika dakika themanini za vipindi viwili vilivyounganishwa. Anachokifanya, akiwa hodari, ni ufundi kamili wenye hatua zake, na unastahili kutazamwa kwa utulivu kama tunavyomtazama seremala akichonga mlango.

Katika kemia ya kidato cha kwanza mna mada fupi inayohusu vyanzo vya joto na aina za ndimi za moto. Upo ulimi wa moto wa njano, unaotoa mwanga na moshi. Na upo wa bluu, usiotoa mwanga wa kutosha kusomea, lakini wenye joto kali zaidi. Mwalimu aliyechoka huandika tofauti hizo ubaoni kwa safu mbili, watoto wakanakili, kengele ikalia. Kesho yake wakiulizwa tofauti wanaziimba zote. Wakiulizwa kwa nini wa bluu ndio mkali, kimya.

Mwalimu mmoja wa kemia niliyemtazama akifundisha mada hii, katika shule ya kata mkoani Pwani, hakugusa chaki kwa karibu robo ya kipindi. Maabara yao haikuwa na gesi, kwa hiyo kichomeo cha Bunsen kilikuwa pambo la kabatini. Alikuja na kibatari cha kopo, jiko la mchina, kiberiti, na sahani nyeupe ya bati. Akafunga madirisha ya upande wa jua, akawasha vyote viwili juu ya meza ya mbele, akarudi nyuma hatua mbili. Walioketi mwisho walisimama wakachungulia juu ya vichwa vya wenzao, naye akawaacha.

“Wanangu, mnaona nini?”

Swali la Kiswahili, na la kawaida kabisa. Majibu yakaanza kudondoka. Huu wa njano, ule wa bluu. Huu unatoa moshi, madam. Ule unavuma. Ule unasimama, huu unachezacheza. Akayapokea yote bila kusema lipi ni zuri na lipi baya. Kisha mvulana mmoja akasema wa bluu ndio mkali, na mwalimu akamgeukia: “Umejuaje, na hujaugusa?” Mvulana akakwama. Aliyemjibia ni msichana wa dirishani: nyumbani kwao jiko likianza kuwaka njano, mama yake hulizima na kukata tambi, akisema linakula mafuta bure na maji hayachemki.

Kemia ya mada nzima ilikuwa imeshatamkwa. Kilichobaki ni sababu, na mwalimu hakuitoa. Alichukua ile sahani akaishika juu ya kibatari mpaka chini yake pakawa na duara jeusi, akawaonyesha. Akaifuta kwa kitambaa, akaishika juu ya jiko kwa muda ule ule. Ikatoka karibu safi. Masizi yale yametoka wapi? Na kama mafuta ni yale yale ya taa, kwa nini huku yapo na huku hayapo? Akawaacha waulizane watatu watatu, na yeye akapita katikati ya madawati mikono nyuma, akisikiliza tu. Ukimtazama kwa haraka ungedhani anapumzika. Alikuwa akitafuta sentensi moja ya mwanafunzi ambayo angeweza kuijengea somo.

Aliipata kwa kijana mfupi wa safu ya tatu: “Lile jiko linapumua, madam. Kibatari hakipumui.”

Hapo ndipo alipochukua chaki kwa mara ya kwanza. Akaandika ubaoni, kwa Kiswahili, maneno ya yule kijana: jiko linapumua. Darasa likacheka kidogo, naye akacheka nalo, kisha akauliza kama jiko lina mapafu. Halina. Basi linafanya nini? Linavuta hewa. Inapitia wapi? Kwenye vile vitundu vya bomba lake. Kibatari je? Kinapata hewa ya pembeni tu. Hewa ikitosha, mafuta yanakuwaje? Yanaungua yote. Isipotosha? Yanabaki, na mabaki yenyewe ndiyo masizi haya. Mstari mmoja wa mtaani ukawa umepanda, ngazi kwa ngazi, hadi kuwa maelezo ambayo mkemia asingeyakataa, na Kiingereza kilikuwa bado hakijaingia darasani.

Wengi wetu hudhani mtoto wa kidato cha kwanza ana safari moja, ya kutoka Kiswahili kwenda Kiingereza. Ana mbili. Ya kwanza ni kutoka usemi wa nyumbani kwenda usemi wa kisayansi, na hiyo hata mtoto wa London anayo. Naye haambiwi nyumbani kwao kuhusu kuungua kikamilifu. Ya pili ndiyo ya kubadili lugha. Mtoto akilazimishwa kwenda zote mbili kwa wakati mmoja hukwama njiani, na sisi husema hana akili ya sayansi. Mwalimu huyu alizitenganisha. Alimpeleka safari ya kwanza katika lugha aliyoimudu, akamfikisha, ndipo akafungua ya pili.

Na ya pili aliifungua kwa kuandika chini ya ule mstari wa Kiswahili sentensi fupi: “The stove takes in more air.” Akaisoma. Wakaisoma. Hakuna aliyehitaji kutafsiriwa, kwa sababu maana yake walikuwa wameshaitengeneza wenyewe na bado ilikuwa inawaka mezani. Chini yake akaongeza: “The stove burns with a blue flame because it takes in more air.” Akalizungushia duara lile “because”, akasema kwa Kiswahili kwamba hilo ndilo neno ghali kuliko yote ubaoni, kwani kila kitakachoandikwa baada yake ndicho kemia. Mwishoni kabisa, pale ambapo wengine wangeanzia, yakaingia maneno makubwa ya kitabuni kuhusu ndimi zenye mwanga na zisizo na mwanga. Yalikuta nyumba imeshajengwa, yakaingia na kuketi.

Mpangilio huu wa kitu kwanza, mazungumzo baadaye, na jina mwishoni una asili ndani ya sayansi yenyewe. Michael Faraday, mwana wa mhunzi aliyesoma shule kidogo sana, alitoa mihadhara yake maarufu kuhusu mshumaa mbele ya vijana katika Royal Institution ya London mwaka 1848, akairudia majira ya baridi ya 1860 na 1861. Alianza na mshumaa unaowaka mezani, na mojawapo ya mambo aliyowaonyesha ni hili hili: kwamba mwanga wa njano hutokana na chembe ngumu za kaboni zinazong’aa kwa joto kabla hazijaungua, na kwamba chembe hizo ndizo masizi. Tena, alipokuwa akichunguza umeme ndani ya vimiminika, aliyaona mambo kabla ya kuwa na maneno yake, akamwandikia William Whewell wa Cambridge amsaidie kupata majina. Mwaka 1834 ndipo yalipochapishwa “anode”, “cathode” na “ion”, yote yamechukuliwa kutoka Kigiriki. Mwingereza wa kawaida wa siku hizo hakuyajua zaidi ya anavyoyajua leo mtoto wa Mkuranga. Maneno ya sayansi ni ya kigeni kwa kila mtu siku ya kwanza. Yaliwafuata watu waliokwisha kuona.

Kuna namna nyingine ya kutumia lugha mbili ambayo kwa mbali inafanana na hii, na ndiyo iliyoenea. Mwalimu husema sentensi kwa Kiingereza, papo hapo akaifasiri, akasema nyingine, akaifasiri. Anafanya hivyo kwa huruma, lakini watoto si wajinga: baada ya wiki mbili wamegundua kwamba Kiingereza kinaweza kuachwa kipite, Kiswahili kinakuja. Masikio yao yanalala na kuamka kwa zamu. Mwalimu wetu wa kibatari hakufasiri karibu chochote. Alizipa lugha hizi kazi tofauti: Kiswahili cha kufikiri, kubishana na kukisia, Kiingereza cha kuandika kilichokubaliwa. Huko Wales, mwalimu aitwaye Cen Williams aliupa utaratibu wa namna hii jina la kitaaluma katika tasnifu yake ya mwaka 1994, alipoeleza madarasa ambamo watoto hupokea jambo kwa lugha moja na kulitoa kwa nyingine, na leo jina hilo limeenea duniani. Walimu wetu wengi wanaufanya bila kulisikia jina lake, na wengine wanaufanya kwa kujificha.

Nasema kwa kujificha kwa sababu shule nyingi zina kibao getini kinachoonya kwamba hapa ni Kiingereza tu, na mthibiti ubora akija hutarajia kusikia Kiingereza mlangoni. Andalio la somo linaandikwa kwa Kiingereza tangu juu hadi chini. Katika nafasi ya shughuli za mwalimu panaandikwa kwamba ataongoza wanafunzi kujadili tofauti za ndimi za moto. Hapaandikwi kwamba atawaacha wabishane kuhusu jiko la mama yao, wala kwamba atasubiri mpaka mmoja aseme jiko linapumua. Sehemu bora ya kazi yake haina mahali pa kuandikwa. Mwalimu mgeni akija kumrithi atakuta faili lililojaa maandalio, na hatakuta humo hata tone la alichokuwa akikifanya. Hili linaniumiza. Ufundi wa useremala hurithiwa kwa kijana kukaa karakanani mwaka mzima akishika mbao; mwalimu wa sayansi hupewa ratiba na kufungiwa mlango peke yake na darasa lake.

Zipo juhudi za kuyaweka haya kwenye vitabu. Katika muongo wa 2010 wataalamu wa Chuo Kikuu cha Dodoma, Aga Khan na Bristol, wakishirikiana na Taasisi ya Elimu Tanzania, walitunga vitabu vya majaribio vya kidato cha kwanza vyenye Kiingereza chepesi, picha nyingi, na nafasi ya kujadili kwa Kiswahili kabla ya kuandika. Ni kazi njema. Hata hivyo kitabu hakiwezi kusikiliza, na kusikiliza ndiko kuliko na ufundi mwingi.

Tuchukue lile swali linaloulizwa katika kila darasa la nchi hii: “Tupo pamoja?” Na jibu lake: “Ndiyoo!” Sauti sitini, tena kwa furaha. Mwalimu mzoefu anajua kwamba jibu hilo halina habari yoyote ndani yake. Ni adabu tu. Vivyo hivyo na ule mchezo wa kukata neno katikati, mwalimu akianza nusu na darasa likamalizia kwa pamoja. Watoto wanaweza kumalizia neno ambalo hawajui ni mnyama au mmea. Yule mwalimu wa Pwani sikumsikia akiuliza kama wameelewa. Aliuliza maswali ambayo ndiyo haiwezi kuyajibu. Nikiziba vitundu vya jiko kwa udongo, rangi itakuwa ipi? Akauliza kwa Kiingereza, polepole, akiwa ameshika jiko lenyewe.

Kisha akanyamaza.

Kunyamaza huko nako ni kazi. Katika miaka ya 1970 Mary Budd Rowe, mtafiti wa Marekani, alirekodi masomo ya sayansi na kukuta walimu husubiri takriban sekunde moja tu baada ya kuuliza, kabla ya kujijibu au kumrukia mwingine. Waliposubiri sekunde tatu au zaidi, majibu yalirefuka, watoto waliokuwa kimya wakaanza kusema, na maelezo yakaanza kubeba sababu. Hao walikuwa watoto wanaoulizwa kwa lugha yao. Mtoto wa kidato cha kwanza anatakiwa kusikia swali, kulielewa, kupata jibu kwa Kiswahili, kutafuta maneno ya Kiingereza, kuyapanga, na kupiga moyo konde kabla hajanyoosha kidole. Sekunde tatu kwake ni chache. Mwalimu alisubiri mpaka nikaanza kuona haya kwa niaba yake, nikidhani darasa limemshinda. Vidole vikaanza kupanda kimoja kimoja kutoka nyuma.

Wageni wakiuliza ugumu wa sayansi kwa Kiingereza uko wapi, tunakimbilia kutaja maneno marefu. Hapo tunakosea. Neno refu la kitaalamu huandikwa ubaoni, hupigiwa mstari, hurudiwa, na mara nyingi hubeba maana moja tu. Cassels na Johnstone, katika ripoti yao ya mwaka 1985 iliyotolewa na chama cha wanakemia wa Uingereza, walionyesha kwamba kinachowaangusha wanafunzi zaidi ni maneno ya kawaida yasiyofundishwa na yeyote, yale ambayo mwalimu hudhani yanaeleweka. Na hao walikuwa wakiwapima hata Waingereza wenyewe. Kwetu maneno hayo ndiyo yanayobeba maswali ya mtihani: taja, eleza, tofautisha, toa sababu, mtawalia. Nimeona mtoto anayejua moyo wa binadamu na vyumba vyake vyote akikosa swali kwa sababu aliulizwa atofautishe mishipa miwili naye akaorodhesha mishipa yote. Walimu wazuri hulitenga jambo hili. Yupo wa baiolojia ambaye kila Ijumaa huchukua swali moja la mtihani wa zamani, haulizi jibu, anauliza tu: swali hili linakuomba ufanye nini? Wanaweza kutumia robo saa hapo, na ni robo saa iliyotumika vizuri.

Mwenzake wa fizikia ana shida ya aina nyingine, maneno mafupi ambayo sayansi imeyabana maana. Humwita kijana mmoja, humkabidhi ndoo ya maji, humwambia aishike bila kuisogeza. Baada ya dakika kadhaa jasho linamtoka. Amefanya kazi? Darasa zima linapiga kelele kwamba amefanya, tena kazi ngumu. Fizikia inasema ndoo haikusogea, kwa hiyo kazi ni sifuri. Hasira inayoibuka pale, ya kudhulumiwa kwa niaba ya mwenzao, ndiyo inayoifanya fasili hiyo isisahaulike hadi kidato cha nne.

Nirudi kwa mwalimu wa kemia, kwenye madaftari yake, kwani huko nilimheshimu hata zaidi. Baada ya somo lile aliwapa waandike sentensi tatu za kwao. Jioni nilimtazama akisahihisha. Mwanafunzi mmoja alikuwa ameandika: “The blue it is hot because air is many.” Sarufi imevunjika sehemu mbili au tatu katika maneno tisa. Kemia yake haina kasoro. Mwalimu aliweka alama ya vema yenye nguvu juu ya “because air is many”, akaacha mengine yote yalivyo. Sentensi ya jirani yake ilikuwa imenyooka kabisa kisarufi, imenakiliwa kitabuni neno kwa neno, na chini yake akaandika swali: umeonaje hili leo? Anasahihisha kwa mizunguko miwili. Wa kwanza ni wa kemia peke yake. Wa pili ni wa Kiingereza, na humo huchagua kosa moja tu lililofanywa na wengi, akalipeleka ubaoni kesho yake bila kutaja jina, darasa likalitengeneza pamoja. Kosa moja kwa wiki. Makosa mengine yanasubiri zamu yao. Mwalimu wa Kiingereza wa shule hiyo, ambaye ni rafiki yake, alianza kuchukua mifano yake kutoka humo.

Kusikia sayansi ndani ya maneno yasiyonyooka ni kipaji ambacho nchi hii inapaswa kukijua thamani yake, maana tuna historia nacho. Mwaka 1963 Erasto Mpemba, kijana wa sekondari, aliweka maziwa ya moto kwenye friza akitengeneza aiskrimu na kuona yakiganda kabla ya yale yaliyopoa. Akauliza, akachekwa. Miaka kadhaa baadaye, akiwa Mkwawa, alimuuliza swali hilo hilo mgeni aliyekuja kutoa mhadhara, Denis Osborne wa Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Wenzake wakacheka tena. Osborne hakucheka. Alirudi kwenye maabara yake, jambo likapimwa, na mwaka 1969 wawili hao wakachapisha makala pamoja katika jarida la Physics Education. Wanafizikia bado wanabishana kuhusu chanzo chake, na bado wanalitaja kwa jina la yule kijana.

Wapo watakaouliza kama Kiswahili hiki chote hakitawadumaza watoto, ilhali kidato cha pili wanasubiriwa na upimaji wa taifa, na huko watakuwa peke yao na karatasi ya Kiingereza. Ni swali la haki na mwalimu analijua kuliko sisi. Anachofanya ni kama mtu anayemfundisha mtoto kuogelea akiwa amemshika chini ya tumbo: mkono unashuka kidogo kidogo, na mtoto hatangaziwi. Januari mjadala wote ni wa Kiswahili. Kufikia Aprili, kila kikundi kinatakiwa kutoa ripoti yake kwa Kiingereza, japo ubishi wa ndani ni wao. Upande wa kushoto wa ubao kuna sentensi zenye mapengo, za kusaidia kuanza. Kila mwezi mapengo yanakuwa mapana, mpaka inabaki herufi ya kwanza na nukta ya mwisho. Anayezihitaji bado, huandikiwa zake kwenye kijikaratasi ndani ya daftari ili asionekane amebaki nyuma. Nilipomuuliza anajuaje wakati wa kupunguza, alisema huwa anasikiliza vikundi: siku watakapoanza kubishana kwa Kiswahili huku maneno ya kemia wakiyasema kwa Kiingereza bila kujitambua, hapo wako tayari.

Mara ya mwisho nilimkuta akiandaa somo la kutu. Jaribio lake linajulikana: mirija mitatu, msumari safi katika kila mmoja. Wa kwanza una maji na hewa. Wa pili una maji yaliyochemshwa kutoa hewa, yakafunikwa kwa mafuta ya kula ili hewa isirudi. Wa tatu hauna maji, umezibwa, na ndani umewekwa kitu cha kufyonza unyevu. Kalisi kloraidi ilikuwa imeisha shuleni, kwa hiyo alikuwa amekusanya vile vipakiti vya punje vinavyokuja ndani ya maboksi ya viatu, akavikausha juani. Baada ya siku kadhaa, wa kwanza tu ndio hupata kutu. Lakini hakutaka waone hayo kabla ya kukisia. Akawapa kazi ya kufanyia nyumbani: kila mmoja alete msumari mmoja wenye kutu, aseme aliutoa wapi, na aandike kwa Kiingereza ni msumari upi kati ya ile mitatu utakaopata kutu, “because”, kisha sababu yake.

“Ukikwama baada ya because,” akawaambia, “malizia kwa Kiswahili. Jumatatu hizo sababu tutazivusha wote.”

Kijana wa safu ya tatu akanyoosha kidole. Baba yake ni mvuvi. Akauliza kama msumari wa kwenye mtumbwi mbovu, uliokaa kwenye maji ya chumvi, unaruhusiwa.

“Huo nautaka kuliko yote,” mwalimu akasema. “Na utuambie kwa nini umeoza kuliko ya wenzako. Anza kufikiria leo.”